Nusu Inchi kwa Siku

Nianze na upumbavu wenyewe kabla wengine hawajausimulia na kuutia chumvi: mimi ndiye niliyeandika kwamba ziwa linashuka. Niliandika nikiwa nimejifunika blanketi, kwa penseli iliyochongwa vizuri, kila siku kwa karibu wiki nne, na katika wiki hizo nne ziwa lenyewe sikwenda kulitazama hata mara moja. Mtaa mzima uliniamini. Mama aliniamini kuliko mtaa.

Kama unataka kunicheka, nicheke sasa, maana huko mbele kuna mahali utataka kunichapa.

Mambo yalianza na Uhuru. Desemba ile tulipandisha bendera mpya shuleni kaptura zikiwa zimetuganda mapajani kwa mvua. Sisi tulipandisha bendera, ziwa nalo likaona lisipitwe, likajipandisha. Mvua haikukata. Kufika masika maji yalikuwa yameingia mtaani kwetu, pale chini kati ya Mto Mirongo na mwalo ambapo mitumbwi hushusha samaki. Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kama yule mgeni anayeomba kulala siku mbili: kwanza uwanjani, kisha jikoni, mwisho chini ya kitanda. Asubuhi moja nilishusha mguu nikakanyaga samaki, kamongo. Alinitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi.

Nyumba zetu zilikuwa za miti na udongo. Udongo ukikaa majini hauna ubishi. Kuta zilivimba, zikalainika, zikakaa chini. Kwetu kilichookoka ni paa: mabati kumi na nane ambayo baba aliyanunua moja moja kwa miaka, akiwa kibarua wa kiwanda cha kuchambua pamba, kisha akafariki nikiwa darasa la pili. Mama aliyateremsha mwenyewe kabla kuta hazijaanguka, akayapanga juu ya mwamba nyuma ya shule, na kila jioni alikuwa anakwenda kuyahesabu kama kuku.

Sasa, bati lina tabia yake, na nieleze hapa maana ndiyo habari yote. Ukilipigilia, msumari unaacha tundu. Ukiling'oa na kulipeleka nyumba nyingine, matundu ya zamani hayakutani na miti mipya, kwa hiyo unatoboa mengine, na yale ya kwanza unayaziba kwa lami. Mara ya pili linavumilia. Mara ya tatu, mama alikuwa anasema, hilo si bati tena, ni chujio. Mabati ya baba yalikuwa yameshapigiliwa mara moja. Yalibakiwa na mara moja tu ya kweli. Swali la mama halikuwa zaidi ya hilo: hiyo mara moja aitumie wapi?

Maana kulikuwa na sehemu mbili. Kiangazi kilipofika maji yalirudi nyuma kidogo, yakaacha uwanja wetu ukinuka tope na matete. Wavuvi wakasema tumeshinda, tujenge palepale. Bomani wakasema tuhame, wanatupimia viwanja Buswelu, huko nyuma ya vilima, ambako ziwa hulioni hata ukipanda juu ya punda. Mama alikuwa anakausha samaki kwa moshi, furu na sato, kwenye chanja nyuma ya nyumba. Mtumbwi ukigusa mchanga, yeye ameshafika na kapu. Kumpeleka Buswelu ilikuwa sawa na kumpeleka mwashi mahali pasipo na mawe.

Katika habari hiyo mimi niliingiaje? Niliingizwa na sifa. Mtu wa ujenzi kutoka bomani alisimamisha ubao wa kipimo ndani ya matete, mrefu, mweupe, wenye mistari myeusi ya inchi, akamwomba mwalimu wetu wa hesabu atoe mwanafunzi wa kuusoma kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Mwalimu aliangaza darasa la saba zima, macho yake yakatua kwangu. Nilikuwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika adabu, na nadhani alifikiri kazi moja ingeponya ugonjwa wa pili.

Siku nne za kwanza nilikwenda kweli, Mungu ni shahidi, na ruba pia. Ili uone mistari ilikubidi uingie hadi kiunoni, alfajiri, maji yana baridi ya kukufanya ukumbuke dhambi zako. Siku ya tatu nilitoka na ruba watatu kwenye paja, mmoja mahali ambapo sitapataja. Siku ya nne kiboko alikoroma mahali fulani ndani ya matete. Sikumwona, wala sikusubiri kutambulishwa.

Siku ya tano nililala. Nikawaza, jana maji yalishuka nusu inchi, juzi pia nusu inchi, kwa hiyo leo yatakuwa yameshuka ngapi? Swali la darasa la tatu. Nikaandika.

Baada ya hapo sikuwa mpimaji tena, nilikuwa mtunzi. Na nilitunga kwa bidii, usidhani ni uvivu mtupu! Siku nyingine niliandika kwa mkono wa kutetemeka, kama mtu aliyepigwa na baridi. Mara kwa mara nilidondoshea ukurasa maji ya mtungi, uonekane umetoka ziwani. Jumatatu moja niliandika wiki nzima kwa mpigo ili nipumzike, na Jumatano mwalimu akaomba daftari ghafla. Ikanibidi niweke dole gumba juu ya Alhamisi hadi Jumapili wakati wote anasoma.

"Kidole kina nini?" akauliza.

"Kimekufa ganzi, mwalimu. Maji ya asubuhi."

Akanionea huruma. Akapiga vema kwa wino mwekundu, akaniambia taifa jipya linahitaji vijana kama mimi. Taifa limhurumie.

Basi ukaja mkutano. Tulikutana katika darasa letu, kwa kuwa ndilo lilikuwa na paa pana, wazee wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika videvuni. Karani wa boma alikuja na orodha.

"Anayetaka Buswelu nitamwandika," alisema. "Jumamosi nafunga. Anayebaki ajenge, hatumkatazi, ila asije bomani kulia."

"Buswelu!" mvuvi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Huko nitavua nini, panzi?"

"Utalima."

"Nimekulia kwenye mtumbwi, bwana karani. Nilime kwa kasia?"

Watu wakacheka. Akasimama mzee fundi cherehani, jirani yetu, ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani na bibi yake alitoka Ukerewe, naye alivaa kofia yake iliyoshonwa kwa mkono hata siku nyumba yake ilipozama. "Mimi niandike wa kwanza," alisema. "Hili ziwa limelala, halijaondoka. Mtu akilala sebuleni kwako husemi amehama."

Hapo darasa likawa soko. Huyu anasema mji mzima wa Mwanza uko ziwani, mbona hawahami wenye maduka? Yule anasema wenye maduka wana saruji, wewe una tope. Mwingine anasema baba zetu walihama kila walipotaka, wakibeba paa zao mabegani wakiimba. Mwenzake anamjibu, basi beba la kwako, uimbe, sisi tutaitikia tukiwa hapahapa.

Mama akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama. Darasa likatulia.

"Karani, mimi sijui kusoma," alisema. "Mabati yangu yamebakiza kupigiliwa mara moja. Nikiyapigilia hapa na maji yakarudi, sina paa. Nikiyapigilia Buswelu, nina paa na sina samaki. Sasa sitaki maneno ya mvuvi, wala sitaki maneno ya fundi. Nataka kujua ziwa linaelekea wapi. Na anayelipima nimemzaa mwenyewe. Asimame asome."

Miguu yangu iliniambia dirisha liko wazi. Lakini watu wote waligeuka kunitazama, watu wazima, wengine ndio waliokuwa wakinifukuza kwenye miembe yao, na katika macho yao niliona kitu ambacho sikuwahi kutazamwa nacho: heshima. Ninakiri kwamba ilikuwa tamu. Nikasimama, nikakohoa kama mkaguzi wa shule, nikafungua daftari.

"Arobaini," nikasoma. "Thelathini na tisa na nusu. Thelathini na tisa. Thelathini na nane na nusu..."

Kufika katikati walikuwa wananisaidia. Mimi nasema namba, wavuvi kwa pamoja wanaitikia, "Na nusu!" Mwalimu alikuwa ukutani anatikisa kichwa kwa furaha, kama mtu anayesikia kwaya yake. Nilifika ishirini na sita, wakapiga makofi.

Fundi cherehani akainua mkono. "Mjukuu, hongera. Ila nina swali. Kama maji yameshuka zaidi ya futi moja, jiwe la kufulia lilikuwa chini kwa futi moja hivi. Mbona mimi sijaliona?"

Jiwe la kufulia kila mtu alilijua. Lilikuwa bapa, pale mwaloni, akina mama walifulia juu yake tangu enzi za Mjerumani, na tangu masika lilikuwa limefunikwa. Swali lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Lilikuwa mlango. Ningeweza kupita hapo na kusema, "Babu, samahani, sijui." Nina hakika wangenizomea kidogo, mwalimu angenichapa, yakaisha.

Badala yake nikasema, "Shikamoo, babu. Jiwe lile limefuliwa mno. Limekwisha kama sabuni."

Darasa likapasuka. Mvuvi wa panzi aliteleza akaanguka kutoka kwenye dawati. Karani alicheka akafuta macho kwa ile orodha. Hata mama alicheka, kashika mdomo kwa kanga, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwa sababu yeye alikuwa anakwenda mwaloni kila siku. Jiwe alikuwa halioni, kama fundi asivyoliona. Nadhani alicheka kwa kuwa alitaka sana kucheka. Fundi akasema "Marahaba," taratibu, akakaa, na hoja yake ikakaa naye.

"Basi, mama," karani akasema, "nikuandike Buswelu au nisikuandike?"

"Usiniandike."

Jumamosi asubuhi nilikwenda ziwani. Usiniulize kwa nini siku hiyo na si nyingine. Labda makofi yalinitia hamu ya kwenda kuona kazi yangu. Nikaingia kwenye matete hadi kiunoni. Nikautafuta mstari wa ishirini na sita. Haukuwepo, ulikuwa chini. Nikapapasa kwa mkono, nikapanda na ubao, thelathini, thelathini na tano, mpaka kidole kilipotokeza juu ya maji. Arobaini na moja.

Ziwa halikuwa limeshuka. Lilikuwa limelala sebuleni, kama mzee alivyosema, na lilikuwa limejinyoosha kwa inchi moja zaidi.

Nilikimbia nyumbani nikidondosha maji. Njiani nilipanga maneno vizuri. Nilimkuta mama juu ya miti ya paa jipya, kwenye uwanja wetu uleule, amejifunga kanga kiunoni, misumari midomoni. Mabati manne yalikuwa tayari yamepigiliwa. Alinitupia nyundo ya pili.

"Mama," nikasema, "hivi, ungejiandikisha tu na Buswelu. Kwa tahadhari. Karani hajafunga."

Akatoa misumari midomoni. "Hesabu zako zimebadilika?"

Angalia jinsi swali lilivyokuwa rahisi. Ndiyo, au hapana. Na mimi, wa kwanza katika hesabu, nikatazama yale mabati manne, nikatazama uso wake ambao ulikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu masika, nikasema, "Hapana."

"Basi panda ushike upande ule."

Nikapanda. Kumi kati ya yale kumi na nane nilipigilia kwa mkono wangu mwenyewe, na wallahi nilipigilia vizuri, matundu yamenyooka kwenye mstari kama mahesabu ya Jumatatu.

Vuli ilikuja mapema, na ilikuja na kisirani. Wiki ya pili ya mvua maji yalikuwa uwanjani. Ya tatu, upepo ulileta kisiwa kizima cha mafunjo kutoka ziwani, kikiwa na ndege wake mweupe amesimama juu, kikaegesha mbele ya mlango wetu. Ndege alitutazama. Mama alimtazama ndege. Chanja yake ilikuwa inaelea upande, na furu waliokwisha kauka walikuwa wanarudi majini wanakotoka.

Hapo nikasema. Sikuwa shujaa, nilisema kwa kuwa maji yalikuwa yamenifika kwenye magoti na uongo ulikuwa hauna mahali pa kusimama. Nilisema yote: ruba, kiboko, blanketi, maji ya mtungi, dole gumba. Nilisema na lile jiwe. Hata vichekesho sikutia.

Mama hakunipiga. Alichukua nyundo, akaigeuza upande wa makucha, akapanda juu na kuanza kung'oa misumari. Kila msumari aliutoa, akaunyoosha, akaniangushia mkononi. Kazi ile ilichukua kutwa nzima.

Mwalimu alipopata habari alinipa viboko sita. Nilimwomba avipunguze kwa nusu kila siku. Akaongeza viwili.

Buswelu viwanja vilikuwa vimekwisha. Tulilala kwa fundi cherehani, katika chumba alichokwisha jenga huko, cherehani kwenye kona na sisi chini ya cherehani. Hakunisuta hata mara moja. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia, "Marahaba, mpimaji," na hiyo ilitosha kunichoma hadi jioni. Ndiye aliyekwenda bomani kutuombea, akarudi na habari kwamba kimebaki kiwanja kimoja ambacho kila mtu amekikataa, kwa sababu katikati yake kuna mwamba mkubwa kuliko nyumba yoyote inayoweza kujengwa hapo. Tukakichukua. Nyumba yetu tumeiegemeza kwenye mwamba, ukuta mmoja ni jiwe tupu, na fundi anasema angalau huo hautayeyuka.

Mabati tuliyaleta kwa mkokoteni hadi kilima kilipotushinda, kisha kwa vichwa. Watoto walitusindikiza njia nzima wakiimba "Nusu Inchi! Nusu Inchi!" na ndivyo ninavyoitwa hadi sasa, shuleni, sokoni, hata na watu ambao hawajui ilitoka wapi.

Wavuvi wengi hawakuhama. Wamejenga juu kidogo ya pale pa zamani, na ziwa bado liko miguuni mwao, na wanasema wao ndio wenye akili. Siwezi kuwabishia, nimeshapoteza haki ya kubisha juu ya ziwa. Mama anaamka na jogoo wa kwanza, mara tatu kwa wiki, anashuka kwa miguu hadi mwaloni na kapu tupu, anarudi nalo limejaa, na samaki anaowakausha hapa mlimani wananuka safari. Wateja wanasema si kama zamani. Hilo pia liko kwenye daftari langu, ingawa sikuliandika.

Jumapili moja mchana, tukiwa tumehamia juzi tu, mvua ya kwanza ikatupata ndani ya nyumba. Mabati ya baba yalikuwa yamepigiliwa mara ya tatu. Tulikuwa tumeziba tulivyoweza kwa lami na vitambaa vya fundi, lakini chujio ni chujio. Lilivuja kwenye jiko, likavuja mlangoni, likavuja mahali palipokuwa pakavu ulipohamia kukimbia mvujo wa kwanza. Mama alikuwa juu ya kinu kilichopinduliwa, anaziba tundu hili, anashuka, anasogeza kinu, anaziba lile. Kulikuwa na tundu moja juu kabisa ya mkeka wangu, tundu safi la mviringo, najua ni langu kwa jinsi lilivyonyooka na wenzake mstarini. Nilikata kitambaa, nikachovya lami, nikanyoosha mkono kuliziba.

Mama akaushika mkono wangu. Akaniondolea kile kitambaa vidoleni. Kisha akaenda kwenye sanduku, akatoa daftari lile lile lenye vema nyekundu, akaliweka juu ya mkeka wangu na penseli juu yake. Akasema:

"Hilo usilizibe. Kaa chini yake uandike kila tone linavyodondoka. Likiacha ndipo uandike limeacha, siyo kabla."